KONA YA UFUNDI: Gari likikosa nguvu, tuangalie kwanza wakati wa moto

Mwezi uliopita katika kona hii tuliongea juu ya betri za sola na namna ya kuzitunza. Baadhi yenu mlitusimamisha njiani mkasema, mwalimu, mbona magari hamuyataji? Basi leo tunayataja, na hasa zile pikapu za zamani za petroli ambazo zinabeba mahindi yetu, maharage yetu, wagonjwa wetu na mara nyingine hata maharusi wetu.

Kwanza tukubaliane juu ya majina, maana hapa kambini kila mtu alikuja na ya kwao. Sisi tuliotoka Kivu tunasema buji, deliko, platine na alimaji. Waliokaa Tanzania au Kenya wanasema plagi, distributa, pointi na taimingi. Ni vitu vilevile. Katika makala hii tutatumia plagi, distributa na pointi, na taimingi tutaiita wakati wa moto, kwa sababu hiyo ndiyo maana yake: ni saa gani cheche inaruka ndani ya injini. Asiyezoea atuvumilie.

Tunaandika hii kwa sababu ya pikapu moja. Familia kumi na mbili zilichanga pesa, zikanunua Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye injini ya petroli ya 18R. Mwaka wa kwanza ilipanda kilima cha kwenda sokoni na magunia manane bila shida. Halafu ikaanza kulegea pole pole. Magunia manane yakawa sita, sita yakawa manne, na mwishowe watu wakawa wanashuka na kusukuma. Rejeta ikawa inachemka. Petroli ikawa inaisha mbio. Usiku mmoja walikuwa wamembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, gari likasimama mara mbili katika kilima kilekile. Mama alifika na mtoto alizaliwa mzima, lakini tangu siku hiyo wenye gari hawakulala vizuri.

Fundi mmoja wa mjini alisikiliza injini dakika chache, akasema ringi za pistoni zimekwisha, injini lazima ifunguliwe yote. Bei aliyotaja ilikuwa kama bei ya ng'ombe wawili. Kikundi kikagawanyika: nusu walitaka kukopa walipe, nusu walitaka kuuza gari kama chuma chakavu na kila mtu achukue kidogo chake. Ndipo mzee wao akatuambia, "Walimu, ninyi munasoma vitabu, mukuje muiangalie hii gari mbele hatujaiuza." Tukaenda Jumamosi na wanafunzi wetu watano, wavulana watatu na wasichana wawili.

Hatusemi yule fundi ni mwizi. Ringi zikiisha kweli, gari linakosa nguvu. Lakini kuna dalili zake, na yeye hakuzitafuta. Moshi wa bluu kwenye ekzosti haukuwepo. Oili haikuwa inapungua. Tulitoa plagi zote nne, tukaziba tundu la kila silinda kwa kidole gumba, mtu mmoja akapiga stata. Upepo ulisukuma kidole kwa nguvu katika silinda zote nne, na nguvu ilikuwa karibu sawa. Kipimo hiki si cha uhakika kama geji ya kompresheni, ila injini ambayo ringi zake zimekwisha kabisa haikusukumi kidole namna ile. Halafu tukafungua kifuniko cha distributa. Nafasi ya pointi ilikuwa nyembamba kuliko unene wa karatasi mbili.

Hapo ndipo habari yote ilipo, na tunaomba msome polepole.

Ndani ya silinda, pistoni inapanda ikiubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Mahali pa juu kabisa inapofika mafundi wanaita topu. Cheche ya plagi inauwasha ule mchanganyiko, unawaka, unaisukuma pistoni chini, gari linatembea. Wengi wanafikiri petroli inalipuka papo hapo kama baruti. Sivyo. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa kunataka muda, hata kama ni mdogo sana. Kwa hiyo cheche inaruka kabla pistoni haijafika topu, ili moto ukue na kusukuma kwa nguvu zote wakati pistoni imeanza tu kushuka.

Wanafunzi wa darasa la saba, chukueni kalamu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mara 50 kwa sekunde. Kila mzunguko ni digrii 360, basi kwa sekunde ni digrii 18,000. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, injini imeshazunguka digrii 18! Ndiyo maana cheche ikichelewa digrii chache tu, gari linajua.

Cheche ikichelewa, pistoni imeshaanza kukimbia chini na moto unaifukuza kwa nyuma. Nguvu inapotea, joto linatoka kwenye ekzosti badala ya kusukuma gari, injini inapata moto, petroli inaliwa bure. Wakati mwingine ekzosti inapiga kama bunduki, na hapa kambini sote tunajua watoto na wazee wanavyoshtuka kwa mlio huo. Cheche ikiwahi mno ni kinyume: moto unaigonga pistoni ikiwa bado inapanda. Utasikia kilimani kama changarawe zinatikiswa ndani ya kopo. Asubuhi, ukipiga stata, injini inairudisha stata nyuma kama inakataa. Kuwahi mno ni hatari kuliko kuchelewa, maana kunaweza kutoboa pistoni.

Sasa kwa nini wakati wa moto unajibadilisha wenyewe, na hakuna mtu aliyegusa kitu? Katika gari la zamani ni pointi. Pointi ni mdomo mdogo wa chuma unaofunguka na kufunga, na cheche inatoka pale mdomo unapofunguka. Mdomo huo una kisigino cha fiba kinachosuguliwa na shafti ya distributa siku zote. Kisigino kinalika. Kikilika, mdomo unafunguka kidogo zaidi na unachelewa kufunguka, na cheche inachelewa pamoja nao. Haitokei kwa siku moja. Ndiyo maana ile Hilux ililegea miezi na miezi, na wenyewe wakadhani ni uzee.

Kwa sababu hiyo utaratibu ni huu, na usiugeuze: pointi kwanza, wakati wa moto baadaye. Ukiweka wakati wa moto vizuri halafu ukagusa pointi, umeshaharibu ulichofanya.

Kabla ya yote, weka gari mahali tambarare, nje, penye hewa. Jiwe mbele na nyuma ya tairi, breki ya mkono juu. Jiko la mkaa liwe mbali, na watoto pia. Dada zetu wafunge vitenge na vilemba vizuri, kaka zetu wakunje mikono ya shati, kwa sababu feni haichagui.

Fungua kifuniko cha distributa. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, angalia kama kina ufa mwembamba, maana cheche inapenda kupita kwenye ufa wenye unyevu. Shika rota, izungushe kwa mkono kwa upande inaokwenda, uiachie. Inatakiwa irudi yenyewe kwa springi. Chini yake kuna vijiwe vya chuma vinavyowahisha cheche gari likienda mbio. Kama rota hairudi, vijiwe vimeshikwa na kutu, na hakuna marekebisho yatakayosaidia mpaka visafishwe na kutiwa oili tone moja. Halafu chomoa kwenye kabureta kile kimpira chembamba kinachotoka kwenye distributa, ukinyonye kwa mdomo. Bamba la pointi linapaswa kusogea, na ulimi ukiziba mpira libaki hapo. Kama unanyonya hewa tu kama mtu anayekunywa soda iliyokwisha, ngozi ya ndani imepasuka.

Kupima pointi: zungusha injini mpaka kisigino kikae juu ya nundu ya shafti, pale mdomo umefunguka zaidi. Kwa injini hii ya Toyota nafasi ni karibu milimita 0.45. Chombo chake ni fila geji. Ukikosa fila geji, karatasi ya kawaida ya kupigia chapa ina unene wa karibu milimita 0.1, basi karatasi nne zilizobanwa pamoja ziingie bila kusukumwa, na tano zibane. Ni njia ya shida, lakini tumeitumia na gari likatembea. Pointi zenye mashimo na weusi mwingi zibadilishwe pamoja na kondensa yake, bei yake si kubwa. Zilizo na uchafu kidogo zisuguliwe kwa msasa laini na kupanguswa. Kwenye kisigino paka grisi kidogo sana, kama kichwa cha kiberiti. Plagi nazo, kwa gari la pointi, nafasi yake ni karibu milimita 0.8.

Sasa wakati wa moto wenyewe. Chora kwanza kwa msumari mstari mmoja unaopita kwenye distributa na kwenye injini, kabla ya kulegeza kitu chochote. Mstari huo ndio njia yako ya kurudi nyumbani ukipotea. Tumeona kijana amezungusha distributa huku na huku mpaka gari likakataa kuwaka kabisa, na hakukuwa na alama hata moja ya kumrudisha.

Tafuta topu ya silinda namba moja, ambayo kwa Toyota ni ile ya mbele karibu na feni. Plagi zikiwa nje, weka kidole kwenye tundu la namba moja, mwenzako azungushe injini kwa spana kwenye bolti ya puli, kwa upande ule injini inaokwenda siku zote. Kama hamna spana kubwa, tia gia ya nne na msukume gari mbele taratibu. Kidole kikisukumwa na upepo, pistoni inapanda kubana. Hapo angalia mbele ya injini. Kwenye puli kuna mkato mdogo, na kwenye injini kuna alama za digrii. Sugua uchafu, paka chokaa ya ubaoni kwenye mkato. Alama ya 0 ni topu. Gari nyingi za namna hii zinataka cheche kati ya digrii 5 na 10 kabla ya topu. Namba kamili ya gari lako iko kwenye kitabu chake au kwenye kikaratasi chini ya boneti kama bado kipo. Leta mkato kwenye namba hiyo. Ukiipita, usirudishe kidogo tu. Rudi nyuma sana halafu uje tena mbele, maana meno ya ndani yana ulegevu.

Kumbuka kwamba mkato unapita hapo mara mbili kabla silinda namba moja haijawaka mara moja. Ndiyo maana tunataka kidole. Rota nayo iwe inatazama waya wa plagi namba moja. Kama inatazama upande wa pili kabisa, zungusha injini mzunguko mmoja zaidi.

Sasa chukua balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Waya mmoja uguse ile nati ya koili inayopeleka waya kwenye distributa, wa pili uguse chuma kitupu cha bodi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Legeza bolti inayobana distributa, kidogo tu. Izungushe kwa upande uleule rota inaokwenda mpaka balbu izimike, maana yake pointi zimefunga. Halafu irudishe polepole sana kinyume cha mwendo wa rota. Pale pale balbu inapowaka, simama. Hapo ndipo cheche inaporuka. Kaza bolti. Zima swichi, usiiache wazi muda mrefu, koili itaungua.

Kuzungusha distributa kinyume cha rota kunawahisha cheche, kuizungusha pamoja na rota kunachelewesha. Na mkono uwe mwepesi! Distributa yenye upana wa sentimita 7 ina mzingo wa karibu milimita 220. Distributa inazunguka nusu ya mwendo wa injini, basi milimita moja tu pembeni ni zaidi ya digrii 3 za injini. Pigeni hesabu wenyewe mtaona.

Wenye taa maalum ya kupimia, ile inayomulika kila cheche, watabana waya wake kwenye waya wa plagi namba moja, wawashe injini mpaka ipate moto wake, wachomoe kile kimpira cha distributa na kukiziba, halafu wamulike puli. Alama itaonekana kama imesimama. Ni njia bora kuliko balbu. Ila hatari yake ni kwamba hata feni inaonekana kama imesimama, na haijasimama. Taa hiyo isishikwe na mtoto.

Waya za plagi zirudi kwa mpangilio wake. Kwa injini ya 18R ni 1-3-4-2, kufuata upande rota inaokwenda. Baadhi ya injini nyingine za zamani ni 1-2-4-3, kwa hiyo usiige gari la jirani. Bandika vipande vya karatasi kwenye waya kabla ya kuzichomoa.

Mwisho ni kujaribu barabarani, na mzigo. Panda kilima kwa gia ya tatu na ukanyage. Ukisikia changarawe ndani ya kopo, chelewesha kidogo, nusu milimita, ujaribu tena. Lakini kwanza uliza petroli ilitoka wapi. Zile chupa za kando ya barabara mara nyingine zimechanganywa na mafuta ya taa, na petroli ya namna hiyo inagonga hata kama wakati wa moto umewekwa vizuri. Ukichelewesha cheche ili kuficha petroli mbaya, umerudi kule kule kwa gari lisilo na nguvu.

Ile Hilux tulimaliza saa kumi jioni. Pointi mpya na kondensa zilinunuliwa mjini na kijana wa bodaboda. Jumatatu ikapanda kilima na magunia saba, rejeta haikuchemka. La nane hawakuliweka, wenyewe walisema tairi za nyuma hazifai, na tunaona walifanya vizuri. Mmoja wa wale wasichana wawili ndiye aliyeshika balbu, na sasa wenye gari wanamwita yeye wakisikia mlio wowote. Baba yake mwanzoni alikuwa anasema injini si kazi ya binti. Hatujamsikia akisema tena.

Si kila gari litapona hivi. Wiki mbili baadaye tuliitwa kuangalia pikapu nyingine. Pointi nzuri, kimpira kizuri, tukaweka wakati wa moto, kesho yake umehama. Tulipozungusha puli mbele na nyuma, rota ilikawia sana kufuata. Hiyo ni cheni ya ndani imelegea, na hapo tuliwaambia wazi wampelekee fundi mwenye vifaa, kwa sababu ikiruka jino injini inaweza kuharibika yote. Gari la dizeli nalo halina cheche wala distributa, wakati wake unawekwa kwenye pampu, na pampu hiyo tusiiguse kwa kubahatisha. Zile za petroli zisizo na pointi, zenye kifaa cha umeme ndani ya distributa, kipimo cha balbu hakizifai.

Fundi akikutajia bei ya kufungua injini, mwambie kwa heshima, "Fundi, tafadhali fungua kwanza kifuniko cha distributa tuone pamoja." Fundi mzuri hatakasirika.

Wanaotaka kujifunza kwa mikono, tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana nyuma ya shule, chini ya mwembe. Wasichana na wavulana, na wazazi pia. Kila mmoja alete kitambaa kikavu, na mwenye balbu ya zamani ya gari asiitupe, atuletee. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya breki.